Glavu Hazina Macho

Ng'ombe wa mwashi alikuwa amesimama na kondo la nyuma linaning'inia tangu jana asubuhi, na inzi walikwisha kupata habari. Ndama alitoka mfu, wa miezi saba, hana hata manyoya ya kumsitiri. Mwashi alimfunika kwa mfuko wa saruji, akaenda kubisha hodi kwa Bi Mkono kabla hajanawa uso.

Mtaa mzima ulifanya hivyo. Bi Mkono alikuwa na miaka hamsini na minane, mwembamba kama ufito, na mkono wake wa kulia ulikuwa na sifa kumshinda mwenyewe: mrefu, laini, unapita pale mikono ya wanaume inapokwama. Ndama waliokaa kombo waliwekwa sawa na mkono ule. Mimba changa zilipimwa na mkono ule. Kondo lililogoma lilibanduliwa na mkono ule, kifungo baada ya kifungo, kama mtu anayemvua shati mgonjwa. Malipo hakutaka. Alichotaka ni kuitwa, na kuitwa wa kwanza. Ole wako ukimwita daktari wa mifugo kabla yake.

Kwa mwashi alikunja mkono wa blauzi hadi kwapani, akafungua kopo lake la bati. Ndani mlikuwa na siagi aliyoisukasuka mwenyewe kutoka maziwa ya ng'ombe wake wawili. Akachota, akajipaka hadi begani, akaingia.

"Daktari aliniachia glavu," mwashi alisema. "Ndefu, za mpaka hapa. Nikuletee?"

"Glavu hazina macho. Mimi huku ndani naona kwa vidole. Shika mkia, uache maneno ya dukani."

Mwashi akashika mkia. Bi Mkono aliegemeza shavu kwenye paja la ng'ombe, macho kayafumba, midomo ikihesabu. "Hiki kimeachia. Hiki nacho kimeachia. Hiki kibishi kama marehemu mume wangu." Mkono ulipokauka aliutoa, akatumbukiza vidole vile vile koponi, akaongeza siagi, akarudi. Akafanya hivyo mara tatu.

"Huyu ni wa tatu mtaani tangu mvua zianze," mwashi alisema. "Wa mwalimu, wa mwenye duka, na sasa wangu. Wote kwenye miezi saba."

"Jicho la watu hilo."

"Jicho gani linajua kuhesabu miezi, Bi Mkono?"

Kondo lilidondoka zima, na harufu yake ikawafanya wote wawili wageuze nyuso. Bi Mkono alijifuta kwa majani, akafunika kopo, akaliweka kwapani.

"Jumamosi saa nne uje kwangu," alisema. "Nataka shahidi mwenye akili. Wanakuja kumchukua binti yao."

"Mkaza mwanao? Kafanya nini?"

"Hajafanya, ndiyo kesi yenyewe. Miaka miwili, mimba mbili, zote kazitupa. Ya juzi ilikwisha fika miezi mitano. Na usidhani nimemnyima kitu. Kila asubuhi uji wa maziwa na kijiko cha siagi, kutoka humu humu." Aligonga kopo kwa ukucha. "Namkorogea kwa mkono wangu. Lakini mwanangu ni mmoja tu, siwezi kumzeesha chini ya mti usiozaa."

Mwashi aliutazama mfuko wa saruji uliomfunika ndama.

Nyumba ya Bi Mkono ilikuwa ya vyumba vitatu, na mbele yake kulikuwa na karakana. Mwanawe alikuwa fundi baiskeli. Chini ya bati la mbele zilining'inia rimu, minyororo na tairi zilizokatwakatwa kuwa viraka. Nyuma kulikuwa na ua, jiko, na zizi la ng'ombe wawili. Kati ya karakana na zizi, juu ya mkeka, mkaza mwana alikuwa amepiga magoti akipanga vyombo.

Hiyo ilikuwa amri ya mama mkwe. Atenge vyake alivyokuja navyo, mapema, mchana kweupe, asije mtu akasema wamebaki na sufuria za watu. Basi alikuwa akitenga. Sufuria tatu huku, sufuria mbili kule. Wanawake waliopita uani kwenda bombani walipunguza mwendo, wakasalimu kwa sauti ndefu, wakahesabu kwa macho.

"Kikombe hiki je?" aliuliza. "Nilikuja nacho kizima, sasa kina ufa."

"Beba. Sihitaji ufa wa watu."

"Ufa ni wa hapa, mama. Kikombe ndicho cha kwetu."

Bi Mkono alimtazama. Uso wa yule binti ulikuwa umekonda, na nywele zilimganda shingoni kwa jasho ijapokuwa jua halijakolea. Wiki ya tatu hiyo tangu mimba ya pili itoke. Wiki zote hizo aliamka, akafagia zizi, akakamua, akachuja. Hilo Bi Mkono hakulihesabu. Hakuna mtu anayeihesabu kazi ya mtu anayeondoka.

Fundi baiskeli aliingia kutafuta bisibisi. Alitembea miguu kaachanisha, polepole, kama anayevuka tope.

"Mama, labda tungengoja kidogo," alisema huku akiitazama bisibisi.

"Tungoje nini? Na wewe mwendo gani huo, unatembea kama bata anayekwenda kutaga?"

"Kiti cha baiskeli ya mteja. Kigumu."

"Mwezi wa pili huu, kiti hakijalainika?"

Mkaza mwana alimtazama mumewe, akingoja aseme neno jingine. Fundi alipata bisibisi yake, akarudi mbele.

Saa kumi ilipofika Bi Mkono alijilaza. Homa yake ilikuwa na adabu ya mgeni mwenye saa: ilikuja saa kumi, ikamtetemesha, ikamtoa jasho mpaka shuka ikalowa, ikaaga. Kiuno nacho kilikuwa kikimkata. Alisema ni uzee, akatafuna vidonge vya kichwa, akanyamaza. Mtu anayesifiwa kwa mkono hatangazi kiuno.

Alhamisi, daktari wa mifugo alikuja na mwashi. Alikuwa binti mdogo, buti za mpira hadi magotini, kalamu kaichomeka nyweleni. Asubuhi alikuwa amepita kuwatoa damu ng'ombe wa mtaa, na wale wawili wa Bi Mkono hakuwaruka. Aliiacha damu isimame kwenye vichupa hadi maji yake ya njano yakajitenga juu. Sasa alipindua ndoo, akaweka juu yake kigae cheupe, kile cha kawaida cha kubandika ukutani bafuni.

"Shikamoo mama. Nilitaka uone mwenyewe, usije ukasema nimekuletea maneno."

"Marahaba. Onyesha, tuone uchawi wenu."

Alidondosha tone la maji ya damu, kando yake tone la dawa ya rangi ya waridi iliyokolea, akavichanganya kwa njiti. Tone moja la ng'ombe wa kwanza. Tone moja la ng'ombe wa pili. Tone la tatu la ng'ombe wa mwashi. Kisha akaanza kukitikisa kigae taratibu, huku na huku, kama anayembembeleza mtoto.

"Likibaki laini, salama," alisema. "Dakika nne."

Hazikufika nne. Rangi ya waridi ilianza kukatika. Kwanza kingoni, halafu katikati, vipande vidogovidogo, kama maziwa yaliyoharibika yakiwekwa motoni. Tone la kwanza, la pili, la tatu. Bi Mkono aliinama karibu kiasi kwamba pumzi yake ilivitikisa.

"Ni nini hiki?"

"Bruselosi. Wafugaji wengi wanauita ugonjwa wa kutupa mimba. Ng'ombe anatupa ndama mfu, kondo linagoma. Vimelea vinajaa kwenye kondo, kwenye majimaji, kwenye maziwa." Daktari alikifuta kigae kwa dawa. "Na unahamia kwa watu. Nani nyumbani ana homa za kuja na kurudi? Jasho la usiku? Kiuno, viungo?"

Mwashi ndiye aliyesema: "Mimi goti linaniuma, nikadhani ngazi."

"Wanaume wengine huvimba," daktari aliongeza, sauti ikishuka, "sehemu za siri."

"Na mwanamke mwenye mimba?" Bi Mkono aliuliza.

"Anaweza kuitupa."

Alilisema hivyo hivyo, akifungasha vichupa, kama anayesema leo kutanyesha. Bi Mkono alikaa kwenye jiwe la kufulia. Mkaza mwana hakuwapo. Mama mkwe alikuwa amemtuma kukata majani ya ng'ombe tangu saa tatu, na hilo alilishukuru bila kujua kwa nini.

"Mama, wewe ndiye unayetoa makondo mtaa huu?" daktari aliuliza. "Kwa mkono mtupu?"

"Kwa mkono niliopewa."

"Unalainisha kwa nini? Sabuni?"

"Siagi."

"Ukishaingia, mkono ukikauka katikati ya kazi?"

"Naongeza."

"Kwa mkono ule ule."

Mwashi alikuwa ameegemea nguzo ya zizi. Alijitoa pale polepole, akasimama wima.

"Na hiyo siagi inayobaki," daktari alisema, "huwa mnaifanyia nini?"

Ng'ombe mmoja alikohoa. Bi Mkono aliitazama rafu ya jikoni kupitia mlango uliokuwa wazi. Aliona uji wa jana na wa juzi, wa masika na wa kiangazi. Aliona kijiko. Alijiona mwenyewe akisimama juu ya kichwa cha yule binti: *kunywa, umalize, usinibakizie, hapa hatulei mimba kwa maji matupu.* Na binti alikunywa. Siku nyingine alikunywa huku kichefuchefu kikimtoa machozi, kwa kuwa aliyempa ni mama.

"Siwezi kukuapia kwamba ni kopo," daktari alisema, sasa taratibu, kwa maana alikwisha kuelewa. "Inaweza kuwa maziwa mabichi. Inaweza kuwa kufagia zizi. Siagi yenyewe ilitokana na maziwa ya hawa hawa."

"Na maziwa ni ya nani?" Bi Mkono alisema. "Na zizi? Unanipigia kona, mwanangu, lakini barabara zote zinaishia kwangu."

Ijumaa walikwenda hospitali wote watatu, mama mbele, mwana katikati, mkaza mwana nyuma. Walitolewa damu, wakangoja kwenye benchi la ubao. Tabibu aliwaita mmoja mmoja. Kwa Bi Mkono alisema maneno machache: unao, wiki sita, vidonge aina mbili kila siku, usikatishe hata ukipona. Kwa mkaza mwana alisema hayo hayo. Mwana alipoingia, pazia lilivutwa. Lakini pazia ni kitambaa, na benchi lilikuwa hatua mbili.

"La kushoto, daktari," sauti yake ilisikika. "Limekuwa kama limau."

"Tangu lini?"

"Miezi miwili. Mitatu."

"Mbona hukuja?"

Kiti kililia. "Nyumbani mke wangu alikuwa analaumiwa. Niliona nikisema langu, watageuka waseme ni mimi."

"Kwa hiyo ukaacha aendelee kulaumiwa."

Bi Mkono hakuthubutu kugeuza shingo. Pembeni yake mkaza mwana alikuwa ameshika bahasha ya vidonge kwa mikono miwili, akisoma maandishi ya nje kana kwamba yalikuwa barua. Alisoma mpaka mwisho, akaigeuza, akasoma upande usio na kitu.

Njiani kurudi mwana alinong'ona, "Mama, kesho tuwaambie tu anaumwa. Aende akajitibie kwao. Hakuna haja ya kufukua mengine."

Ulikuwa ushauri mzuri. Hapo ndipo Bi Mkono alipotishika zaidi ya alivyotishwa na kigae: aliuona ni mzuri. Binti amepimwa, cheti kipo, ni mgonjwa. Nani angeuliza kopo? Daktari wa mifugo ana mitaa kumi na miwili. Mwashi ni mtu wa aibu. Neno moja tu, *anaumwa*, na mkono ungebaki na jina lake.

Jumamosi saa nne kamili shangazi wa binti aliingia, mwanamke mpana, muuza mitumba sokoni, sauti iliyozoea kushinda spika za jirani. Hakukaa mpaka alipofuta kiti kwa leso yake. Mwashi alikaa mlangoni. Mwana alikaa karibu na mama. Mkaza mwana alisimama kando ya vyombo vyake, vilivyokwisha kufungwa kwenye shuka.

"Nimekuja," shangazi alisema. "Nasikia tuliwauzia mbuzi tasa. Haya, nipeni na risiti."

"Shangazi, tulia," mwana alisema. "Jambo lenyewe ni kwamba amepimwa, amekutwa anaumwa. Tumeona bora akapumzike kwenu, apate…"

"Anaumwa? Alitoka kwetu na afya ya kubeba pipa. Kaumwa akiwa kwa nani, kwenye mti?"

"Ni ugonjwa tu, shangazi, huja."

"Huja na nini? Na basi la asubuhi?"

Mwashi alikohoa ili asicheke, kisha akajuta. Mwana aligeukia mama yake, akingoja amalizie. Bi Mkono aliona macho yote yamemjia.

"Hautokani na kwenu," alisema. "Umetoka humu. Ni wa ng'ombe. Mimi ninao, mwanangu anao, na huyu binti tumempa sisi. Mimi nimempa." Akaeleza. Alieleza makondo, mkono mtupu, vidole kurudi koponi, kopo kurudi rafuni, kijiko kila asubuhi. Hakupamba wala hakulia. Alipofika kwenye miezi mitano alikwama, akaanza upya pale pale. "Daktari anasema pengine ni maziwa, pengine zizi. Hajui kwa hakika. Lakini nilimwita mti usiozaa, na mizizi niliimwagia sumu mwenyewe. Hilo ninalijua kwa hakika."

Shangazi alifungua leso, akaikunja.

Mwashi ndiye aliyezungumza, polepole, kama anayepima ukuta uliokwisha kupinda. "Siku uliyopima mimba ya ng'ombe wangu. Ulikuwa umetoka wapi?"

"Kwa mwalimu. Wake alikuwa ametupa asubuhi ile."

"Ukanawa?"

"Kwa maji."

Mwashi alitikisa kichwa, akasimama. "Nina watoto watatu, na maziwa yale wanayanywa yakiwa na joto la kiwele," alisema, si kwa mtu yeyote. Akatoka. Wakamsikia akitembea, kisha akikimbia.

Mwana alikuwa kainamisha uso hadi magotini. "Mama, kwa nini umesema?" alinong'ona.

"Kwa sababu wewe ulinyamaza," mkaza mwana alisema.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema tangu shangazi aingie. Hakupaza sauti. Alimtazama mumewe, akamtazama mama mkwe, na uso wake ulikuwa na mshangao wa mtu aliyeambiwa kwamba maumivu aliyozoea hayakuwa lazima.

"Binti yangu," shangazi alisema, sasa kwa sauti ya chini, "hapa hakuna tena wa kukurudisha. Ukitaka kubaki, fungua shuka. Ukitaka twende, twende. Mimi leo sina ushauri."

"Nakwenda," alisema. "Sirudishwi. Nakwenda. Vidonge vyangu nitavimeza kwetu, wiki sita. Nyinyi mezeni vyenu. Ng'ombe wenye ugonjwa muwatoe kama daktari atakavyosema. Mkimaliza, kama bado mnanitaka, mje mpose upya."

Bi Mkono alinyanyua kichwa.

"Mshenga sitaki. Uje mwenyewe, mama. Ukae mbele ya mama yangu, umwambie haya uliyosema leo, usipunguze. Na huyu aseme lake la nyuma ya pazia, kwa kinywa chake."

Mwana alifumba macho. Shangazi aliuliza, "Pazia gani?"

"Na mama yako akinifukuza?" Bi Mkono aliuliza.

"Utarudi kesho yake."

"Na akinifukuza kesho yake?"

Mkaza mwana alijitwisha furushi la vyombo, akalisawazisha kichwani mpaka likatulia.

"Mama, mimi humu nilifukuzwa kila siku kwa maneno, na kila alfajiri niliamka nikakukamulia."

Bi Mkono aliinuka, kiuno kikimkata, akasogea ukutani, akawapisha wapite.